Mgongo Haujipaki

Mtoto wa jirani, wa darasa la kwanza, alikuwa amekaa kizingitini kakunja goti, anaandika muundini kwa kijiti cha ufagio. A, e, i, o, u. Herufi zilisimama nyeupe juu ya ngozi iliyopauka, safi kama chaki ubaoni. Alipofika mwisho wa mstari alitia mate kiganjani, akafuta, mguu ukang'aa kidogo, halafu akasubiri. Hakusubiri sana. Mate yalikauka, ngozi ikapauka tena, ubao ukawa tayari. Akaanza upya.

Ilikuwa Julai 2017, saa kumi na mbili jioni, Ipagala, na mimi nilikuwa na wiki tatu tu Dodoma. Niliingia ndani nikavuta ukucha juu ya mkono wangu, taratibu, kutoka kiwiko hadi kifundo. Ulibaki mstari mweupe, mrefu, ulionyooka. Nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na sikuwahi kuona ngozi yangu ikiandikika.

Tulikuja wengi mwaka ule. Mwaka mmoja nyuma, Julai 2016, Rais John Magufuli alikuwa ametangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, kutimiza uamuzi uliopitishwa mwaka 1973 ukakaa zaidi ya miaka arobaini ukisubiri. Tukafunga mafaili, tukafunga vyombo, tukaaga ndugu. Kila mtu alijiandaa kwa vumbi na kwa kodi ya nyumba. Kwa hewa hakujiandaa mtu.

Pwani hewa yenyewe inakupaka. Unatoka kuoga, na kabla hujafunga vifungo vya shati unyevu umeshakurudia shingoni. Unalalamikia jasho maisha yako yote bila kujua kwamba jasho hilo na unyevu wa bahari ndivyo vilivyokuwa vikikulea. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa kusi unatoka baharini umejaa, unapanda milima ya Uluguru, Ukaguru na Rubeho, unaacha maji yake huko, na ukitufikia sisi upande wa pili umekuja mikono mitupu. Msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na mvua ikishakata imekata. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Mchana jua linawaka, mbingu haina doa, na upepo haupumziki. Hewa ya namna hiyo ina kiu. Inakunywa kwenye nguo iliyoanikwa, inakunywa kwenye ukuta wa udongo, inakunywa kwenye jani la mpapai, na ikikupita wewe barabarani inakunywa kwako.

Matokeo yake yana neno: kupauka. Tunalitumia kwa ngozi, kwa kanga iliyofuliwa mara nyingi, kwa ukuta uliopigwa jua, hata kwa uso wa mtu mwenye msiba. Kilichopauka kimepoteza ile rangi inayoonyesha kwamba kina mwenyewe. Ndiyo maana mtoto aliyepauka humwaibisha mama yake. Watu hawaulizi kwa nini miguu ya mtoto ni myeupe. Wanauliza analelewa na nani. Katika nyumba nyingi chai inaweza kukosa sukari na sare ikawa na kiraka, lakini mtoto hatoki kwenda shule bila kupakwa mafuta. Nimewahi kusikia watu wakiuita huu urembo. Mimi nauona kama saini: mtu fulani asubuhi hii alimshika mtoto huyu kabla ya kumwachia barabara.

Kwangu kupauka kulikuwa mwanzo tu. Baadaye ukaja mwasho. Ulianzia miundini, ukapanda mapajani, ukazunguka kiunoni pale mkanda unapobana, kisha ukajichagulia saa yake: usiku, nikishajifunika blanketi na mwili kupata joto. Wahenga walisema jikune ujipatapo. Nami nilijipata kila mahali isipokuwa palipowasha kuliko pote, katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega, ambapo niliishia kujisugua gizani kwenye mwimo wa mlango.

Nilipambana kwa silaha nilizozijua. Maji ya moto sana, kwa kuwa asubuhi za Dodoma ni za baridi. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, kwa kuwa niliamini kwamba kikali ndicho kinachosafisha. Dodoki. Halafu losheni nyepesi yenye manukato, niliyokuja nayo. Kila siku nilisugua ule unga mweupe hadi ukaisha, na kila siku ukarudi mwingi zaidi. Duka moja likaniuzia krimu ya mwasho isiyo na maelezo ya kueleweka. Kwa wiki moja nililala. Nilipoiacha, mwasho ulirudi na ndugu zake wote. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba nyingi ya krimu za aina hiyo huwa zimetiwa steroidi, dawa yenye kazi yake halali mkononi mwa daktari, lakini ikipakwa ovyo kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu kuliko ulivyoikuta.

Aliyenifungua macho ni bibi wa yule mtoto wa herufi. Alikuwa Mgogo wa Mvumi, amekuja mjini kukaa na mwanawe. Jioni moja nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaongeza salamu ya kwao, mbukwenyi, kama alivyofanya kila siku ili niizoee. Mjukuu alikuwa amesimama mbele yake, ametoka kuoga, matone bado yanateremka magotini. Pembeni, juu ya jiko la mkaa lililokwisha moto, kilikaa kibakuli cha bati chenye samli. Bibi alichota kwa vidole viwili, akaifikicha viganjani mpaka ikayeyuka, kisha akaanzia shingoni. Hakupaka kwa haraka. Alizungusha magoti, akapita nyuma ya masikio, akaingia katikati ya vidole vya miguu, akamgeuza mtoto, akamteremshia viganja vyote viwili mgongoni kama mtu anayenyoosha nguo. Alipomaliza, mafuta yaliyobaki mikononi aliyapaka kwenye vifundo vyake mwenyewe.

Kisha akaitazama miundi yangu. "Mwanangu, unaoga na nini?"

Nikamtajia, kimoja kimoja. Akasikiliza hadi mwisho.

"Unaibomoa nyumba, halafu unauliza upepo unaingilia wapi."

Ilinichukua muda kuona nyumba aliyokuwa akiisema. Nyumba ya jadi ya Wagogo ni tembe: ndefu, fupi kwa kimo, paa lake bapa la miti iliyolazwa na kumwagiwa udongo juu. Ukiwa mbali unaweza kudhani ni ardhi imenyanyuka kidogo. Kiangazi kikikolea, udongo wa paa na wa ukuta hupata nyufa, na anayeijua tembe hausugui ukuta wenye ufa. Anakoroga udongo, anaukandika, anaulainisha kwa kiganja. Mwaka ujao atakandika tena. Hakuna anayeliita hilo tatizo; ndiyo kukaa kwenye nyumba.

Ngozi ya juu kabisa nayo ni ukuta wa kukandikwa. Ina seli zilizokufa, bapa, zimepangana tabaka juu ya tabaka kama fito, na katikati yake mna mafuta ya asili ambayo ndiyo udongo wenyewe. Udongo ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo na uchafu wa nje hauingii ovyo. Maji ya moto yanauyeyusha. Sabuni kali inaubeba. Dodoki linabandua kilichobaki. Nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho zinafunguka, maji yanatoroka, mishipa ya fahamu iliyo chini inasumbuliwa, na hapo mwasho unazaliwa. Kucha zikifika zinapanua ufa. Anayejikuna anapata nafuu ya nukta chache na kuufungulia mwasho mlango mwingine.

Bibi hakuyasema hayo kwa maneno hayo. Alinipa amri chache, na nimezifuata hadi leo. Oga kwa maji ya uvuguvugu na usikawie. Sabuni peleka kwapani, kinenani na nyayoni. Miundi na mikono haijalima leo, iache. Jisuuze vizuri, kwa maana maji ya visima vya huku mengi yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu na mabaki yake huganda mwilini. Taulo ni la kugandamiza, si la kusugulia. Na ngozi ikiwa bado ina umande, kabla hujatoka bafuni, paka.

"Kwa nini kabla sijakauka, bibi?"

"Mafuta hayana maji, mwanangu. Mafuta ni mfuniko. Wewe ulikuwa unafunika mtungi mtupu."

Nimeisikia sentensi hiyo kichwani mwangu mara nyingi kuliko mahubiri mengi. Maisha yangu yote niliamini kwamba mafuta ndiyo yanayoleta unyevu. Hayaleti. Yanalinda ule uliopo. Na ukitazama vizuri, uwanda huu wote unaishi kwa elimu hiyo moja. Mbuyu unanenepa kwa maji ya masika na kiangazi unapukutisha majani yake, usije ukapoteza maji hayo kwa uzuri. Mboga za mlenda huanikwa zikavuka miezi isiyo na jani bichi. Mtungi hauachwi wazi. Pwani tulifundishwa kutafuta. Huku watu wamefundishwa kutopoteza, na kwa nchi yenye mvua ya mara moja kwa mwaka hiyo ndiyo elimu iliyowafikisha watoto wao ukubwani.

Basi nikaanza kuyajua mafuta kama mtu anavyojifunza majina ya majirani. Samli ndiyo ya zamani, kwa kuwa Ugogo ni nchi ya ng'ombe. Inatulia vizuri kwenye ngozi ya mtoto, ila iwe safi na isiyo na chumvi. Mafuta ya nyonyo ni mazito na yananata. Mazuri kwa nyayo na viwiko, na kwa usalama yanunuliwe yaliyokwisha kukamuliwa, kwa kuwa mbegu zenyewe zina sumu kali. Mafuta ya mbegu za ubuyu ni mepesi, yanaingia haraka, na bei yake inakumbusha ni mbegu ngapi zimekamuliwa kujaza kichupa. Nta ya nyuki, ambayo upande wa Manyoni na Kondoa haikosekani, ikiyeyushwa taratibu ndani ya mafuta, sehemu moja ya nta kwa sehemu nne au tano za mafuta, inatoa mgando mgumu unaofaa kwa magaga: loweka visigino kwenye maji ya uvuguvugu, paka, vaa soksi, lala.

Na alizeti. Ukisafiri kutoka Dodoma kwenda Singida utayaona mafuta yake kando ya barabara, madumu yamepangwa juani rangi ya dhahabu iliyofifia, na kwenye mashine za kukamulia magunia ya mashudu yamejazana. Tunayajua kama mafuta ya kukaangia. Lakini mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali ya watoto mjini Dhaka, Bangladesh, ambako watoto njiti walipakwa mafuta ya alizeti mwilini. Waliopakwa walipata maambukizi machache ya hospitalini kuliko wasiopakwa. Ngozi ya mtoto njiti ni tembe ambayo haijamaliza kukandikwa, na mafuta ya alizeti yana asidi za mafuta zilizo jamaa ya zile ambazo ngozi yenyewe huzitumia kujenga ukuta wake. Nilipoyasoma hayo nilitazama dumu lililokuwa chini ya meza yangu ya jikoni kwa heshima mpya.

Mafuta ya mgando, yale ya petroli ambayo Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872, hayana hadithi ya shamba wala ya ng'ombe, lakini kwa kazi ya kufunika ni vigumu kuyashinda, na kikopo chake kidogo kinapatikana hata kwenye genge la kijijini. Kinyume chake ni ile losheni yangu ya manukato. Ni maji kwa sehemu kubwa, na harufu. Kwenye unyevu wa Dar es Salaam ilitosha. Huku, baada ya nusu saa, ilikuwa imenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna mahali pembezoni mwa jiji panaponizuia kulichukulia jambo hili kijuujuu. Hombolo leo inatajwa kwa zabibu zake, kwa bwawa na kwa Chuo cha Serikali za Mitaa. Lakini wazee ukiwatajia Hombolo wanakumbuka kwanza kituo cha wagonjwa wa ukoma. Ukoma hushambulia mishipa ya fahamu. Mishipa ikifa, ngozi haihisi tena, na pia haitoi jasho. Inakauka kama udongo wa Oktoba, inapasuka, na kwa kuwa hakuna maumivu, mtu anatembea juu ya ufa hadi ukawa kidonda, na kidonda kikala kidole. Tangu miaka ya 1980 dawa za tiba mseto zinauponya ugonjwa wenyewe, lakini mshipa uliokufa haufufuki. Kwa hiyo waliopona hufundishwa, hapa na duniani kote, kazi ya kila siku ya maisha yao: kuloweka miguu kwenye maji ya kawaida kwa muda wa nusu saa hivi, kukwangua taratibu sugu iliyolainika, na kupaka mafuta mguu ukiwa bado na maji. Maji kwanza, mfuniko baadaye. Ni somo lile lile la bibi wa Mvumi, na kwa watu hao ndilo linalotenganisha mguu na gongo.

Ndiyo maana nasisitiza pia mipaka ya kibakuli cha samli. Mwasho unaozidi usiku, uliojaa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, huku nyumba nzima ikijikuna, huenda ni upele, na upele unataka dawa kwa watu wote wa nyumba siku moja. Mtoto ambaye mikunjo ya viwiko na magoti yake haiponi, ikichubuka na kutoa maji, huenda ana ile tunayoiita pumu ya ngozi. Mafuta yatamsaidia sana, lakini anahitaji daktari wa ngozi. Na baka lililopauka lisilowasha kabisa, ambalo ukiligusa kwa unyoya mwenyewe hajui, hilo lisipakwe kitu nyumbani. Lipelekwe kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Kwenye ngozi, kinachonyamaza huweza kuwa kibaya kuliko kinachopiga kelele.

Nakaribia kipupwe cha kuhesabu kwa vidole vya mikono miwili tangu nihamie. Ngozi yangu haiandikiki tena, nikikumbuka kuifunika. Lakini pale katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega, bado hapafikiki. Nimejaribu kila namna ya kukunja mkono. Watu wanaoishi peke yao mjini, na tuko wengi tuliotangulia na familia zikabaki pwani, wana eneo hilo la ukubwa wa sahani ambalo kiangazi kinalimiliki. Mtoto hajui kwamba lipo, kwa kuwa kuna mtu anayemgeuza kila jioni. Mtu mzima analigundua siku ambayo hakuna wa kumgeuza.

Mama yangu alinitembelea Julai moja. Ngozi ya uzee hutoa mafuta machache, na Dodoma haikumsubiri; siku ya tatu nilimsikia usiku akijikuna, kimya kimya, asiniamshe. Asubuhi nilichemsha maji, nikayapoza hadi uvuguvugu, nikamwekea bafuni. Alipotoka kajifunga kanga, mabega bado yana matone, nilimwomba akae kwenye kigoda, nikafungua kichupa cha alizeti.

Sikuwa nimewahi kuuona mgongo wa mama yangu kwa utulivu namna ile. Ulikuwa na mistari myeupe ya kucha hadi pale mikono yake ilipoweza kufika, na baada ya hapo mistari iliishia, kama njia inayoishia mtoni. Nikaanzia shingoni, nikashuka, bila haraka, kama nilivyoona ikifanywa kizingitini kwa jirani, na kama mikono hii hii ya mama ilivyonifanyia mimi kila asubuhi ya shule kabla sijajua kwamba ni kazi. Alikuwa amenyamaza. Nilipovuka mwisho wa mistari aliinamisha kichwa.

"Hapo hapo," alisema.

Nilikaa hapo hapo. Nilipomaliza, mafuta yaliyobaki viganjani niliyapaka kwenye vifundo vyangu.